Barabara ya Wafiwa

Foleni ya mji wa Morogoro niliimaliza mimi, Gaudensia Mkude, mwenye darasa la saba la enzi zile, bila kumwita mhandisi hata mmoja. Niliingia barabarani asubuhi nikaikuta nyeupe kutoka Bigwa mpaka Msamvu, nikakaa kwenye kiti nimenyoosha miguu kama mke wa waziri. Haya, niseme yote: ilikuwa asubuhi ya Krismasi. Wachaga wameshapanda kwao, waliobaki wako kanisani, na mimi mwenyewe nilitakiwa niwe huko. Kesho yake foleni ilirudi, tena imekuja na ndugu zake.

Siku ninayotaka kuisimulia haikuwa na Krismasi ya kuniokoa.

Dada yangu Pelagia alikuwa amekaa barazani tangu kulipopambazuka, mkoba mapajani, viatu kando. Viatu vilikaa kando kwa sababu miguu haikuingia tena. Ilikuwa imevimba hata vifundo havionekani. Figo zake zimechoka. Kuna mashine kwenye hospitali kubwa, ng'ambo ya mji, inayomchuja damu. Wiki iliyopita tulichelewa, tukakuta mashine imeshapewa mtu mwingine. Nesi akanivuta pembeni akaniambia, "Bibi, akikosa na safari ijayo, usihangaike kumleta tena." Pelagia hakuambiwa, lakini alijua, maana tangu siku hiyo aliacha kunikemea.

Nikanyanyua upindo wa kanga nilikoshonea kitufe cha kuitia gari.

"Shemeji," nikasema, "naomba gari. Nina mgonjwa."

Magari ya mji wetu hayana dereva. Tunayaita jongoo, kwa kuwa yanatembea yameungana pua kwa mkia. Chini ya lami kuna waya, na kila gari linasikia mwenzake linataka kwenda wapi na lina haraka gani. Anayeshuka, pingili yake inachomoka, inamshusha, halafu inarudi mstarini. Na ndani kuna sauti ya mwanamume, ya upole na unyenyekevu, ambayo hatukuipa jina rasmi. Tuliiita Shemeji tu. Anakusikiliza shida yako mpaka mwisho, hakukatizi, halafu anafanya anavyotaka yeye.

"Shikamoo, bibi," Shemeji akajibu. "Jina la mgonjwa?"

"Marahaba. Pelagia Mkude, wa Bigwa."

Akanyamaza kidogo. "Ombi limepokelewa."

Tukasubiri. Nilikwenda getini, nikarudi, nikaenda tena. Nilifagia uwanja uliokuwa umeshafagiliwa. Jongoo mrefu alipita barabara ya juu, pingili zote zimewashwa taa za zambarau, maana yake waliomo ni wafiwa. Akaja wa pili, zambarau. Akaja wa tatu, zambarau mwanzo hadi mwisho. Ungedhani mji mzima unazikwa na wenyewe.

Hatimaye gari likakata kona ya kwetu, safi, tupu. Nikamshika Pelagia kwapani, akasimama. Gari likapunguza mwendo getini, mlango ukatetemeka kama unataka kufunguka, halafu likaongeza moto likaenda zake.

"Limetuona?" Pelagia akauliza.

"Limetuona."

"Basi limetudharau."

Hivyo ndivyo lilivyofanya wiki iliyopita, na juzi, na jana nilipoita kwa kujaribu tu. Nikampigia Apolinari, mtoto wa pekee wa Pelagia, ofisa wa Idara ya Mwendo ya mji, mtu anayejua jongoo wote kama mchungaji anavyojua mbuzi wake.

"Ni foleni, mama mdogo," akaniambia. "Gari linaanza kuja kwenu, kabla halijasimama linaitwa na mfiwa. Msiba uko juu ya mgonjwa. Utaratibu ndio huo. Mvumilie kidogo."

"Miguu yake haijui kuvumilia, Apolinari."

"Leo nina mkutano hapo shuleni kwenu, hiyo ndiyo ajenda yenyewe. Njoo useme."

Nikamwambia nitakuja, na nitakuja na ajenda yangu imekaa juu ya magurudumu.

*

Magurudumu yalikuwa ya Mihayo. Mihayo anatengeneza majeneza nyumba ya tatu kutoka kwetu. Ni Mnyamwezi, mtani wangu, kwa hiyo ana ruhusa ya kunitukana na mimi nina ruhusa ya kumpita. Ana kigari cha kusukuma cha kupelekea majeneza kwa wenyewe. Wiki iliyopita ndicho kilichompeleka Pelagia hospitali, polepole, kwa njia za panya, maana barabara kubwa haruhusiwi mtu wala pikipiki. Njia nzima watu walikuwa wakivua kofia, na Pelagia anawapungia mkono. Mtoto mmoja alikimbia analia.

"Mtani," Mihayo akasema akimtandikia Pelagia godoro, "huyu dada yako ana adabu. Wewe siku yako nitakukunja kwenye boksi la sabuni."

"Utanikunja na nani, wakati umri wako na wa huyo mti uliouchonga ni mmoja?"

Pelagia akacheka, kicheko kikamkata pumzi. Tukaacha utani tukasukuma.

Ukumbi wa shule ulikuwa umejaa. Mwenyekiti wa mtaa, Kaniki, mtu mwembamba mwenye sauti nene, alikuwa anagonga meza. Pembeni yake amekaa Apolinari, tai shingoni, jasho usoni. Mama yake alipoingia amekaa juu ya kigari cha majeneza, yule kijana alishtuka mpaka akasimama. Nikajisemea: maskini, ana huruma.

"Hoja ni moja," Kaniki akasema. "Msiba uendelee kupewa njia ya kwanza, au ushushwe uwe sawa na wagonjwa? Maana wafiwa wamejaa barabarani mpaka wenye shida nyingine hawatembei."

Bi Skola, kiongozi wa kikundi chetu cha kufa na kuzikana, akasimama hata hajaitwa. "Mkishusha msiba mtatuzika vipi? Sisi siyo watu wa kutuma rambirambi kwa simu halafu tukalala. Mtu akifa nafika, naona uso, napika. Nikichelewa nitasemwa mpaka kaburini kwangu!"

Makofi.

"Anayepinga?"

Mihayo akainua mkono wenye gundi. "Mwenyekiti, mimi sipingi wala siungi. Nauliza tu. Kwa zile taa za zambarau, mji huu unakufa kuliko wakati wa tauni. Sasa mbona majeneza yangu yananiozea? Nimeanza kuyafugia kuku. Hao marehemu mnawazikia ndani ya nini, viroba?"

Ukumbi ukaangua kicheko, kisha kicheko kikapungua vibaya, kila mmoja akaangalia kucha zake. Mimi pia nilikuwa na kucha za kuangalia. Babu yetu alifariki hata bomba la maji halijafika Bigwa, na mwaka huu nilishamzika tena, mara moja kwenda sokoni, mara nyingine kwenye sherehe ya ubarikio.

Niwaeleze kosa lilipoanzia, maana Apolinari mwenyewe ndiye aliyenisimulia, tena kwa kujisifu. Siku wataalamu walipokuwa wanamfundisha Shemeji kupima shida za watu, walimpa kila shida uzito wake: soko uzito mdogo, kazi zaidi kidogo, mgonjwa zaidi, mama mjamzito zaidi, na msiba juu ya wote. Mmoja wao akauliza, na mwongo je? Si tudai cheti cha kifo? Apolinari akasimama, akasema mtu aliyefiwa haulizwi karatasi mlangoni, ni kumtukana. Kisha akasema, kwani hapa kwetu nani atathubutu kutamka kwa mdomo wake kwamba ndugu yake amekufa ilhali anapumua? Ni uchuro. Atalala na usingizi gani? Uchuro ndio utakuwa kufuli letu. Na meza nzima, watu wenye shahada zao, wakaitikia kwa vichwa. Hakuna aliyecheka. Kila mmoja alimfikiria mama yake akaona kweli, hilo halisemeki.

Mwanzo lilifanya kazi. Watu walianza na waliokufa zamani, ambao uchuro hauwadhuru. Baadaye wakaingia mabinamu wa mbali. Mwisho wakagundua mtu anaweza kumpa mtani wake kazi ya kutamka, kwa kuwa mtani huua watu kwa mdomo kila siku na hawafi.

Apolinari akasimama kujibu.

"Ndugu wananchi. Mfumo hauna ubovu. Ubovu ni wa watu waongo." Sauti yake ilikuwa nzuri, ya kanisani. "Idara inapendekeza hivi: msiba ubaki juu, kwa heshima ya mila zetu. Lakini atakayemzika mtu aliye hai, siku akigundulika, afungiwe barabara. Asipande jongoo maisha yake yote. Na kazini afukuzwe. Mtu anayemuua mzazi wake kwa ajili ya kuwahi ofisini, huyo si mtu!"

Walisimama kumpigia makofi. Bi Skola alipiga kigelegele. Niliona fahari, nikamgusa Pelagia bega nimwonyeshe mwanawe, ndipo nikasikia bega linavyopanda na kushuka. Alikuwa anavuta hewa kama mtu anayenyonya chungwa kavu. Midomo imebadilika rangi.

"Apolinari!" nikaita. "Hotuba nzuri. Sasa gari."

Akaja mbio, akapiga magoti mbele ya kigari. "Mama. Mama, unanisikia?"

"Nakusikia," Pelagia akasema. "Umeongea vizuri. Umekonda."

Nikakamata upindo wa kanga. "Shemeji, nina mgonjwa, hali mbaya, Pelagia Mkude." Kimya kile kile, jibu lile lile. Tukatoka nje tukasimama ukingoni mwa barabara na nusu ya mkutano. Gari likaja. Likapunguza mwendo. Likaondoka.

Mihayo akaniinamia sikioni, na safari hii hakuwa na utani usoni. "Muue."

"Nini?"

"Muue kwa mdomo. Sema dada yangu amefariki, nina mwili hapa. Litasimama kabla hujafunga domo. Au nitamke mimi, mimi ni mtani wenu, hainidhuru."

Jongoo wa zambarau alikuwa anapita, pingili baada ya pingili, pua kwa mkia. Nilitazama madirisha. Kijana anakula karanga. Mwanamke anapaka wanja. Kisha pingili moja, mzee amejifunika uso kwa leso, mabega yanatingishika. Huyo alikuwa mfiwa wa kweli, mmoja kati ya wote hao, amebanwa katikati ya wala karanga. Nikitamka nitamkatia njia yule mzee. Na nyuma yake huenda kuna mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa anayesubiri wote hao wapite. Nami nitakuwa nimemtangaza dada yangu, aliyenifundisha kusuka, akiwa ananiangalia.

"Pelagia," nikasema, "umemsikia huyu?"

"Nimemsikia."

"Unasemaje?"

"Ukinitamka hivyo nitasikia baridi." Akavuta pumzi. "Lakini tamka. Miguu ina baridi tayari."

Nikaleta kanga mdomoni. Wallahi, mimi Mkristo, niliapa Kiislamu moyoni. "Shemeji..."

"Usithubutu!" Apolinari alinirukia akanishika mkono kwa nguvu, kucha zikaniingia. "Usithubutu, mama mdogo! Usimtamke!"

"Uchuro unamwogopea nani sasa? Mwangalie!"

"Usitamke tu! Nitaita mimi. Nitaita kwa... kwa njia ya kazi. Sisi wa Idara tuna njia yetu."

"Ulikuwa nayo siku zote hizo?"

Alisogea kando, akatugeuzia mgongo, akanong'ona kwenye saa yake. Na kabla hajageuka, jongoo wa zambarau aliyekuwa anapita akakatika katikati. Pingili moja ikachomoka, ikamshusha yule mla karanga barabarani na karanga zake, ikarudi nyuma mpaka miguuni kwetu. Mlango wazi.

"Ee!" Bi Skola akasema. "Idara wana mambo."

*

Mihayo na Apolinari walimbeba Pelagia wakamlaza kwenye kiti cha nyuma. Mimi nikaingia nikaweka kichwa chake mapajani. Apolinari akabaki nje ameshika mlango.

"Nyinyi tangulieni," akasema. "Mimi nitatembea."

"Utatembea mpaka hospitali kubwa?"

"Mazoezi, mama mdogo. Daktari amenishauri."

Pelagia akanyoosha mkono akaikamata tai yake. Hakuivuta, aliishika tu. Mtoto huwezi kuondoka mama yako ameshika tai. Akaingia, akakaa kwenye ukingo wa kiti kama mgeni, akaweka kidole mdomoni kunionyesha ninyamaze, nami sijui kwa nini. Mlango ukafungwa. Nje, mkutano mzima ulikuwa umesogeza nyuso kwenye kioo.

"Hospitali kubwa," Apolinari akanong'ona. "Haraka. Bila maongezi."

Gari likaondoka. Jongoo mzima alitupisha, nikaona pingili zinasogea kushoto moja moja kama watu wanaompisha padri. Sijawahi kupishwa hivyo maishani. Nilikuwa karibu kutabasamu.

"Shikamoo, Bibi Gaudensia," Shemeji akasema. Huwezi kumkataza salamu, ndivyo alivyofundwa.

"Marahaba, mwanangu."

"Na Bwana Apolinari, pole tena kwa msiba. Bado unakula, au umeacha? Jana hukujibu."

Apolinari akakohoa. "Asante. Tuendelee na safari."

"Msiba gani?" nikauliza.

"Wa... wa kazini, mama mdogo. Mwenzetu mmoja."

"Hapana, Bibi Gaudensia," Shemeji akasema kwa ile sauti yake ya kubembeleza. "Bwana Apolinari amefiwa na mama. Nimeshangaa hamkuambiana. Aliyefiwa na mzazi tunampa njia mpaka arobaini ipite."

Mwanzoni sikupata. Sisi Waluguru mtu ana mama wengi: aliyemzaa, wakubwa zake, wadogo zake. Nikaanza kupekua kichwani ni yupi kati yetu amekufa mimi sina habari. Wote nilikuwa nimewazika. Tulibaki wawili, na tulikuwa tumo humo ndani ya gari.

"Mama yupi?" nikauliza polepole.

"Pelagia Mkude, wa Bigwa."

"Abee," Pelagia akaitika.

Ni mazoea tu. Mwanamke aliyelelewa vizuri akisikia jina lake huitika. Lakini gari likapunguza mwendo, na mimi nikasikia vitu vyote vinakaa mahali pake: lile gari linalofika getini, linalotetemeka mlango, linaloondoka. Lilikuwa linakuja kumchukua mtu ambaye lilishaambiwa hayupo. Siku zote hizo, huku mimi nikifagia uwanja na miguu ya dada yangu ikijaa maji, kijana huyu alikuwa anapishwa barabarani kwenda ofisini.

"Imekosea," Apolinari akasema haraka. "Mashine hii imekosea. Zinachanganya majina, mama, tunalifanyia kazi."

"Naomba radhi kama nimekosea," Shemeji akasema. "Taarifa niliyopewa wiki iliyopita ni hii."

Na gari likajaa kilio. Sauti ya mwanamume, imekatika vipande, unasikia na moyo wako wenyewe unakatika: *Shemeji, nimefiwa. Mama yangu mzazi. Pelagia Mkude, wa Bigwa. Naomba njia.* Kilikuwa kilio kizuri. Nilishaomboleza misiba mingi ya kweli ambayo haikuliliwa hivyo.

Kilipokwisha, hakuna aliyemtazama mwenzake. Nje wafiwa walikuwa wanaendelea kutupisha.

"Taarifa inafutwa na aliyeitoa tu," Shemeji akasema, "kwa mdomo wake. Nifute?"

Apolinari aliangalia mlango. Nilijua anachokiona: mkutano mzima ulimsikia akisema mtu wa namna hiyo afanywe nini. Alifuta jasho kwa ncha ya tai ambayo mama yake bado ameishika.

"Hiyo siyo sauti yangu, mama," akasema. "Nakuapia. Siku hizi watu wanaiga sauti. Wanaiga kabisa, huwezi kujua."

Pelagia alikuwa amefumba macho. Nilidhani amezimia. Kisha akasema, kwa vituo, kila neno na pumzi yake:

"Sauti wataiga. Kilio hicho hawawezi. Nimekibeba mgongoni. Wewe huanza na kwikwi, Apolinari. Halafu unavuta kamasi. Halafu ndipo unaniita."

"Mama mdogo, mwambie, siyo mimi..." Akanigeukia, mdomo unamcheza. Akajikaza. Akatazama dirishani, akameza mate, akajikaza tena.

Ikamtoka kwikwi.

Akavuta kamasi.

"Mama," akaita.